Jinsi ya kusoma stakabadhi ya hekalu kwenye kibao cha udongo

Watu wakisikia vibao vya udongo vya Mesopotamia huwazia hadithi za miungu na sheria za wafalme. Vya namna hiyo vipo, lakini ni vichache. Vilivyo vingi ni hesabu: kondoo wangapi wameingia, shayiri kiasi gani imetoka, nani ametoa, nani amepokea, siku gani. Kwa anayeanza kujifunza hiyo ni habari njema. Shairi la kumsifu mungu lina lugha ya mafumbo, lakini stakabadhi ina mpangilio usiobadilika, na ukishaujua unaweza kusoma kibao kizima hata kama umekariri alama chache tu za kikabari, mwandiko wa alama zenye umbo la kabari zilizobonyezwa kwenye udongo.

Kwa kazi hii unahitaji simu au kompyuta yenye intaneti, daftari, penseli, donge la udongo wa mfinyanzi na kijiti cha tete. Nimewafikiria zaidi walimu wa historia na wanafunzi wao, ila yeyote aliyewahi kushika leja ya stoo atajikuta mwenyeji upesi.

Hatua ya 1: Chagua nyaraka za wakati unaofaa

Kikabari kilitumika kwa zaidi ya miaka 3,000, na wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wameanzia mahali pagumu. Vibao vya kale kuliko vyote vilitoka Uruk, kusini mwa Iraq ya leo, katika eneo la Eanna, hekalu la mungu wa kike Inanna. Ni vya mwishoni mwa milenia ya nne KK, na Wajerumani waliochimba hapo wamevipata kwa maelfu. Usianze navyo. Alama nyingi bado ni michoro, vitenzi karibu havimo, na namba zina mifumo zaidi ya kumi. Tundu moja la mviringo lililobonyezwa kwa ncha ya kalamu lina thamani ya 10 unapohesabu kondoo, lakini unapopima shayiri tundu hilohilo ni mara 6 tu ya alama ndogo inayolitangulia. Hata wataalamu ilibidi wahangaike muda mrefu kuipambanua mifumo hiyo.

Kundi la pili ni nyaraka za hekalu la mungu wa kike Bau huko Girsu, mahali panapoitwa Telloh siku hizi, ambako Mfaransa Ernest de Sarzec alianza kuchimba mwaka 1877. Hizi ni za karne ya 24 KK na zinapita vibao 1,500: posho za shayiri, samaki, bia, mashamba, mifugo. Waliosimamia ofisi hiyo walikuwa wake wa watawala, Baranamtara mke wa Lugalanda na baada yake Shasha mke wa Urukagina. Ni nyaraka nzuri sana, lakini ziache kwanza.

Anzia kwenye enzi ya wafalme wa Ur wa nasaba ya tatu, yaani 2112 hadi 2004 KK. Vibao vinavyojulikana vya miaka hiyo isiyozidi 110 ni zaidi ya 100,000. Makarani walikuwa na mafunzo ya namna moja, mwandiko wao umenyooka, na fomu zao zinafanana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ndani ya enzi hiyo chagua Puzrish-Dagan, inayoitwa leo Drehem, karibu na mji mtakatifu wa Nippur. Mfalme Shulgi aliijenga katika mwaka wa 39 wa utawala wake iwe kituo cha mifugo. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliingia kutoka majimboni na kwa maofisa wa jeshi, wakatoka kwenda kwenye mahekalu ya Enlil na Ninlil huko Nippur, jikoni kwa mfalme, kwa wajumbe na kwa askari.

Zingatia jambo hili tangu mwanzo: mwenye ofisi ya Puzrish-Dagan alikuwa mfalme, na mahekalu yalikuwa wateja wake wakubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Anton Deimel alizisoma nyaraka za Bau akahitimisha kwamba ardhi yote ya Sumeri, yaani kusini mwa Mesopotamia, ilikuwa mali ya mahekalu. Baadaye wataalamu wenzake Igor Diakonoff na Ignace Gelb walionyesha kwamba sivyo, kwani kulikuwa na ardhi na kaya nje ya mahekalu. Nyaraka za ofisi zinasimulia kilichopita katika mlango wa ofisi hiyo. Kilichopita kwingine hazikijui.

Hatua ya 2: Tafuta picha

Fungua tovuti ya CDLI, hifadhi ya kidijitali ya kikabari ambayo Robert Englund alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kila kibao kina namba inayoanza na herufi P. Iandike daftarini kabla ya kitu kingine chochote, maana bila namba hiyo hutakipata tena kwa urahisi, wala mwenzako hataweza kukagua usomaji wako. Kwenye sehemu ya kipindi chagua Ur III. Kwenye mahali kilikotoka chagua Puzrish-Dagan. Halafu tafuta vilivyo na picha safi na maandishi yaliyokwisha kunakiliwa kwa herufi za Kilatini. Hifadhi nyingine nzuri kwa enzi hii ni BDTNS iliyoko Madrid.

Unaponakili maneno ya kutafuta, kumbuka kwamba sauti tunayoiandika sh huandikwa š, na kwenye kisanduku cha CDLI huchapwa sz. Namba zilizoshikana na silabi, kama i3 au dab5, zinatofautisha alama zenye matamshi yanayolingana. Huna haja ya kuzitamka. Herufi d iliyotangulia jina inaonyesha kwamba ni jina la mungu, au jina la mtu lenye jina la mungu ndani yake. Ki iliyofuata jina inaonyesha kwamba ni mahali.

Chagua vibao vidogo, vyenye mistari minane au tisa. Vile vikubwa vyenye safu nyingi ni majumuisho ya mwezi au mwaka, na vina hatua yake hapa chini.

Hatua ya 3: Jua mbele na nyuma

Stakabadhi nyingi za Drehem ni ndogo kiasi cha kulala kwenye vidole vitatu. Upande wa mbele kwa kawaida ni bapa, upande wa nyuma umevimba kidogo. Karani alipomaliza mbele hakukifungua kibao kama ukurasa wa kitabu. Alikigeuza kutoka chini kwenda juu, hivyo mwandiko unashuka mbele, unapita ukingo wa chini, kisha unaendelea nyuma. Ndiyo sababu picha za CDLI zimepangwa kwa umbo la msalaba: mbele juu, ukingo wa chini katikati, nyuma chini, na kingo za pembeni kulia na kushoto. Soma kwa mfululizo huo, kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia.

Usiache kutazama ukingo wa kushoto. Makarani wa Drehem walikuwa na desturi ya kuandika hapo jumla ya wanyama, ili kibao kikiwa kimesimamishwa na vingine jumla ionekane bila kukitoa.

Hatua ya 4: Soma namba kabla ya maneno

Namba ndizo ngazi ya kupandia. Msumari mmoja wa wima ni 1. Misumari miwili ni 2, na hivyo hivyo hadi 9, ikipangwa kwa safu za mitatu mitatu ili jicho lisipotee. Kabari ya pembeni, ile inayofanana na kona iliyobonyezwa, ni 10. Mbili ni 20, tatu 30, hadi 50. Ukifika 60 unarudi kwenye msumari wa wima, mara nyingi ukiwa mkubwa zaidi na umekaa kushoto. Kwa hiyo msumari mkubwa, kona mbili na misumari midogo mitatu ni 60 na 20 na 3, yaani 83. Sifuri haimo.

Utakutana na jambo linalowasumbua wengi: 19 mara nyingi huandikwa 20 la2 1, maana yake ishirini kasoro moja. Badala ya kubonyeza misumari tisa, karani alibonyeza kona mbili, alama ya kupunguza na msumari mmoja. Ukiona la2 katikati ya namba, toa.

Hatua ya 5: Bonyeza namba hizo kwenye udongo wako

Usiiruke hatua hii hata kama lengo lako ni kusoma tu. Anayeandika kwa mkono wake huanza kuiona picha kwa namna tofauti, kwa sababu anajua kila kabari iliingiaje.

Chukua udongo wa mfinyanzi, uondoe mawe, mizizi na mchanga, kisha ukande mpaka usinate vidoleni na usipasuke ukikunjwa. Finyanga kibao cha mstatili cha kutosha kiganjani, upande mmoja bapa na wa pili umeumuka kidogo. Funika kwa kitambaa kibichi unapotayarisha kalamu.

Kalamu ni tete lililokatwa ili ncha yake iwe na kona kali. Kata tete kavu kwa kisu chenye makali, kwa mkato ulionyooka, na uhakikishe kona haikuchanika. Pasipo matete, kijiti cha mbao chenye pembe nne kinatosha. Sasa usichore wala usivute. Kona ya kalamu huzamishwa kwenye udongo kisha ubavu wake hulazwa kidogo na kuinuliwa. Kichwa cha pembetatu hutokea pale kona ilipozama, na mkia hutokea pale ubavu ulipogusa. Kwa msumari wa wima kichwa kiko juu. Kwa msumari wa ulalo kichwa kiko kushoto. Kwa kona ya 10 unazamisha kona peke yake bila kulaza ubavu. Jifunze kukigeuzageuza kibao kwa mkono wa kushoto badala ya kuuzungusha mkono unaoandika.

Andika 1 hadi 9, kisha 10, 19, 60 na 83. Utagundua kwamba udongo ukiwa mbichi mno kabari inayofuata inaibana iliyotangulia na kuiharibu, na ukianza kukauka kichwa hakitokei vizuri. Muda wa kuandika vizuri ni mfupi, na hapo unaelewa kwa nini makarani walikuwa na haraka na kwa nini fomu zao zilikuwa fupi.

Ukimaliza, kianike kivulini, ukikigeuza mara kwa mara ili upande mmoja usitangulie kukauka na kukipasua. Usikichome. Vibao vingi vya kale vilikaushwa tu kwa jua na hewa; vilivyoiva kwa moto mara nyingi viliungua pamoja na jengo, na vingine vimechomwa kwa uangalifu na makumbusho za siku hizi ili visimomonyoke. Kibao kikavu kisichochomwa kinaweza kulowekwa na udongo wake ukatumika tena. Huko Nippur, katika nyumba waliyofundishiwa makarani, wachimbaji walikuta mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kulowekea vibao vilivyokwisha kazi.

Hatua ya 6: Tambua kinachohesabiwa

Baada ya namba linakuja jina la kitu. Kwa Drehem orodha si ndefu, na maneno haya ya Kisumeri yatakufikisha mbali: udu ni kondoo, u8 ni kondoo jike, sila4 ni mwanakondoo, maš2 ni mbuzi dume, ud5 ni mbuzi jike, gu4 ni ng'ombe dume, ab2 ni ng'ombe jike. Anza wewe mwenyewe kuitafuta alama ya udu kwenye picha: kisanduku chenye msalaba ndani yake. Katika vibao vya Uruk vya karibu miaka elfu moja kabla, alama hiyohiyo ilikuwa duara lenye msalaba.

Neno niga likifuata, mnyama amenoneshwa kwa shayiri, na huyo ndiye aliyepelekwa kwa miungu wakubwa. U2 ni wa malisho ya majani. Ba-uš2 ni mnyama aliyekufa, na naye aliandikiwa stakabadhi yake, kwa maana mzoga una ngozi na nyama, na mchungaji lazima afutiwe kichwa hicho kwenye deni lake.

Hatua ya 7: Tafuta mtoaji, mpokeaji na kitenzi

Hiki ndicho kiini cha kibao. Kondoo walishaliwa miaka 4,000 iliyopita, lakini jina la aliyewajibika bado liko pale, na karani alilibonyeza kwa makusudi ili siku ya ukaguzi asipatikane wa kusema hakupokea.

Mtoaji hukaa katikati ya maneno mawili, ki mwanzoni na -ta mwishoni. Ki ab-ba-sa6-ga-ta: kutoka kwa Abbasaga. Ukiona ki, nenda moja kwa moja hadi kwenye -ta, na kilicho katikati ni jina. Mpokeaji huandikwa baada ya hapo, kisha kitenzi. Vitenzi vya kukariri ni vichache. I3-dab5: amewachukua chini ya uangalizi wake. Šu ba-ti: amepokea. Ba-zi au zi-ga: wametolewa, yaani ni matumizi. Mu-kux: wameletwa, yaani ni mapato.

Tofauti ya vitenzi hivi ni kubwa kuliko inavyoonekana. I3-dab5 hamwondoi mnyama katika ofisi. Amehama tu kutoka kwa ofisa mmoja kwenda kwa mwingine, na deni limehama naye. Zi-ga humwondoa kabisa. Ukijumlisha vibao vya mwezi mmoja bila kutenganisha hivi viwili, kondoo yuleyule utamhesabu mara mbili au tatu.

Kibao cha matumizi ya hekalu kina sura yake. Kitaanza na kondoo kadhaa walionona, kisha jina la mungu, den-lil2, halafu wengine kwa dnin-lil2, na pengine miungu wadogo wanafuata. Baada ya orodha hutajwa jina la mtu na neno maškim, ofisa aliyesimamia na kuidhinisha utoaji huo, na kwa kawaida utakuta cheo chake pembeni ya jina, kwa mfano sagi, mnyweshaji. Kwa hiyo hata sadaka ya Enlil, mkuu wa miungu wa Sumeri, haikutoka zizini bila mtu kuwekwa jina lake.

Hatua ya 8: Soma tarehe

Siku ni u4, na namba yake hufungwa kwa -kam: u4 14-kam ni siku ya 14. Mwezi huanza na iti, mwaka huanza na mu. Mwaka haukuwa na namba. Ulipewa jina la tukio kubwa: mfalme amesimikwa, kuhani mkuu amewekwa, mji fulani umebomolewa. Orodha za majina hayo zimehifadhiwa, na CDLI inazo, hivyo kazi yako ni kulinganisha.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni miezi: kila mji ulikuwa na kalenda yake. Mwezi wa kwanza huko Drehem ni maš-da3-gu7, mwezi wa kula swala. Mwezi še-sag11-ku5, wa mavuno ya shayiri, ni wa mwisho katika sehemu kubwa ya nyaraka za Drehem, lakini huko Umma ni wa kwanza. Ukichanganya miji, utakuwa umekosea karibu mwaka mzima.

Mtego wa pili ni miaka inayofanana. Mu ša-aš-ru-umki ba-hul, mwaka ambao Shashrum uliteketezwa, unaweza kuwa wa 42 wa Shulgi au wa 6 wa mwanawe Amar-Suen, kwa kuwa mji huo ulipigwa mara mbili na makarani walizoea kufupisha. Baina yao ni miaka 12. Hapo kinachokuokoa ni majina ya watu. Abbasaga alikuwa mkuu wa mifugo wakati wa Amar-Suen. Ukimwona yeye, mwaka ni wa Amar-Suen. Wakati wa Shulgi nafasi hiyo ilishikwa na Nasa.

Hatua ya 9: Unganisha yote

Huu ni mfano nilioutunga kwa kufuata fomu ya Drehem, ili ujaribu bila kusumbuliwa na sehemu zilizovunjika:

5 udu niga
2 maš2
u4 14-kam
ki ab-ba-sa6-ga-ta
in-ta-e3-a
i3-dab5
(nyuma) iti maš-da3-gu7
mu ša-aš-ru-umki ba-hul
(ukingo wa kushoto) 7

Kwa Kiswahili: kondoo 5 walionona, mbuzi dume 2, siku ya 14, kutoka kwa Abbasaga, Intaea amewachukua. Mwezi wa kula swala, mwaka Shashrum ulipoteketezwa. Jumla 7. Abbasaga na Intaea ni maofisa wa kweli, na majina yao utayakuta pamoja kwenye vibao vingi. Kwa kuwa Abbasaga yumo, mwaka ni wa 6 wa Amar-Suen, sawa na 2041 KK kwa hesabu iliyozoeleka.

Sasa nenda kwenye CDLI, tafuta in-ta-e3-a pamoja na i3-dab5, ufunge sehemu ya maandishi yaliyonakiliwa, utazame picha tu. Soma namba. Tafuta -kam. Tafuta ki. Linganisha ulichokiandika na nakala ya wataalamu pale tu unapokuwa umemaliza.

Hatua ya 10: Muhuri na bahasha

Vibao vingine vina michoro hafifu iliyopita juu au chini ya mwandiko: mtu amesimama mbele ya mungu aliyeketi, na pembeni mistari mifupi ndani ya kisanduku. Huo ni muhuri wa silinda, uliobingirishwa juu ya udongo mbichi. Maandishi yake kwa kawaida hutaja jina la mwenyewe, cheo chake, mara nyingi dub-sar, karani, na jina la baba yake. Neno kišib3 kwenye stakabadhi linaonyesha muhuri wa fulani umewekwa, yaani amekiri kupokea. Soma muhuri kila mara, kwa sababu anayetajwa kwenye mwandiko na aliyebingirisha muhuri si lazima wawe mtu mmoja, na pale ndipo unapojua nani alipokea kwa niaba ya nani.

Kibao cha muhimu kilifunikwa kwa bahasha, nayo ya udongo, ikaandikwa tena kwa nje na kupigwa muhuri. Palipotokea ubishi bahasha ilivunjwa ili maandishi ya ndani yasomwe.

Hatua ya 11: Pandia hesabu kubwa taratibu

Ukishazoea mifugo, jaribu shayiri. Hapa vipimo vinabadilika. Sila3 moja ni karibu lita moja. Sila 10 ni ban2 moja, ban2 6 ni barig moja, barig 5 ni gur moja, hivyo gur ina sila 300. Mtu anayejua kwamba vibaba vinne ni pishi moja hatababaishwa na utaratibu huu. Posho ya kawaida ya mfanyakazi wa kiume ilikuwa sila 60 kwa mwezi, yaani barig moja kamili, na ya mwanamke sila 30. Tafuta še-ba kwa posho ya shayiri, siki-ba kwa sufu, i3-ba kwa mafuta. Katika jimbo la Girsu orodha za wanawake wafumaji zinafikia maelfu ya watu, na watoto wao wameandikwa pamoja nao, kila mmoja na kipimo chake.

Kisha zipo mizania. Hizi hufuata njia ambayo mhasibu yeyote ataitambua. Juu kabisa si-i3-tum, baki iliyoletwa kutoka mwaka uliopita, halafu vyote alivyokabidhiwa ofisa huyo, na jumla yake huitwa sag-nig2-gur11-ra. Linafuata neno ša3-bi-ta, kutoka humo, na chini yake matumizi yote yaliyo na stakabadhi. Mwishoni tofauti: la2-i3 ikiwa kuna upungufu, diri ikiwa kuna ziada. Hati nzima huitwa nig2-ka9-ak. Huko Umma hata siku za kazi zilifungiwa mizania: msimamizi wa wanawake wasaga nafaka alidaiwa siku zao zote za mwaka, na zile ambazo hakuweza kuzitolea maelezo zilihamishiwa mwaka uliofuata kama deni lake. Ukisoma mizania kadhaa za msimamizi mmoja utaona deni likikua mwaka hadi mwaka, na mimi huona hapo ndipo nyaraka hizi zinapouma zaidi.

Stakabadhi ndogo ndizo zilizokusanywa kujenga mizania hizo. Ziliwekwa kwenye makapu, na kila kapu lilifungwa kitambulisho cha udongo chenye tundu la kamba. Kinaanza na pisan dub-ba, kapu la vibao, kisha kinaeleza kilichomo, cha ofisa yupi na mwaka upi. Vitambulisho hivi ni vizuri kwa mwanafunzi: ni vifupi, na vinaonyesha ofisi ilivyozipanga nyaraka zake yenyewe.

Hatua ya 12: Usinunue kibao

Utaviona vikiuzwa mtandaoni, vidogo kama vile ulivyojifunza kusoma. Viache. Drehem ilichimbwa na wezi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na vibao vyake vikauzwa kimojakimoja hadi vikatawanyika katika makumbusho na nyumba za watu duniani kote. Ndiyo sababu leo kapu moja la Intaea linaweza kuwa limegawanyika mabara mawili. Baada ya vita vya 2003 wizi ulirudi kwa nguvu katika machimbo ya kusini mwa Iraq. Mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1483, lilizitaka nchi zote kuzuia biashara ya vitu vya kale vilivyotolewa Iraq kinyume cha sheria. Mwaka 2021 Marekani iliirudishia Iraq takriban vitu 17,000 vya kale, vingi kati ya hivyo vikiwa vibao vya udongo. Kibao kilichong'olewa kwenye chumba chake kimepoteza majirani zake, na bila majirani huwezi tena kujua kilikuwa sehemu ya hesabu ipi. Kwa darasa, kibao mlichofinyanga wenyewe kinatosha, na picha za CDLI ni za bure.

Hatua ya 13: Mfuatilie mtu mmoja kwa mwezi mmoja

Hili ndilo zoezi ninalolipendekeza kwa darasa lililomaliza hatua zilizotangulia. Chagueni ofisa mmoja, Intaea anafaa, na mwezi mmoja wa mwaka mmoja wa Amar-Suen. Kila mwanafunzi apewe namba za P za vibao vyake. Chora daftarini safu za siku, kutoka kwa nani, aina ya mnyama, idadi, kitenzi, na nani amesimamia. Waliochukuliwa kwa i3-dab5 waandikwe upande wa mapokezi, waliotolewa kwa zi-ga au ba-zi upande wa matumizi, na palipovunjika muweke alama ya kuuliza bila kubahatisha namba.

Mkimaliza jumlisheni pande zote mbili. Hazitalingana, kwa sababu vibao vingine vya mwezi huo vimepotea au havijachapishwa. Tazameni ni siku zipi hazina kibao hata kimoja, kisha mzitafute hizo kwenye BDTNS, na mkikosa humo mtafute jumla ya mwezi huohuo kwenye vibao vikubwa vya safu nyingi.